Hatua Tatu za Ndara

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza mapema, na kwa kishindo cha mtu aliyekuja kudai haki yake. Paa letu ni la bati. Kuanzia leo sina chumba cha kurekodia, nina ngoma moja kubwa juu ya kichwa, na anayeipiga hajui kuhesabu. Albamu ya ishirini na tatu imebakiza drams tu. Gita, besi, kinanda, kodiani, filimbi, tarumbeta na sauti vyote vimeshaingia, vyote kwa mikono na mapafu yangu. Drams huziweka mwisho siku zote. Basi zingoje mpaka mbingu ipumue.

Jumapili, 3 Machi

Mvua.

Jumanne, 5 Machi

Miwani amekuja kuchukua kanda zangu za zamani. Namwita Miwani kwa sababu anavaa mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara, na bado haoni mbele ya pua yake. Ana kampuni ya kufufua muziki wa zamani. Albamu zangu tano za kwanza, zile nilizouza nikiwa nimezibeba begani duka kwa duka, anazitoa upya kwenye santuri nzito, zenye majalada mazito na picha. Mkataba wake nimeusoma mara nne na hesabu zake ziko sawa. Kwa hilo sina neno. Kanda zenyewe nimempa kwa hiari yangu, maana bati linavuja juu ya rafu, na heri zikae kwake pakavu kuliko kwangu chini ya tone.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Mama, na Babu Taratibu yuko wapi siku hizi?"

"Hayupo."

"Alishafariki? Pole sana."

"Hakuzaliwa."

Akacheka mpaka miwani ya juu ikamdondokea.

Sikuwa natania. Nilipotoa albamu ya kwanza, mwenye duka la kanda aliigeuza mkononi kama mtu anayekagua samaki, akasema: mwanamke mmoja na vyombo saba, nani atanunua? Nikarudi nyumbani nikaandika jalada jipya. Besi: Mkono Kushoto. Kinanda: Profesa. Drams: Babu Taratibu. Wanaume watatu niliowazaa kwa kalamu, bila uchungu na bila mkunga. Wiki iliyofuata mwenye duka akachukua nakala arobaini. Sijutii. Dawa ya moto ni moto.

Leo Miwani ananiambia, akiwa bado amesimama mlangoni kwangu, kwamba watu wanazitaka albamu hizi kwa sababu ya Babu Taratibu. Kwamba kuna vijana wanaomwiga. Kwamba "ule ukimya wake, Mama, yale mapigo mawili anayoyaacha mwisho wa kila wimbo, ule ni ufundi wa mtu aliyetafakari maisha."

Nikamwambia: drams nilipiga mimi. Akanishika bega. "Mama, usiwe na hofu, hakuna anayetaka kukunyang'anya chochote." Jalada linakwenda kiwandani mwishoni mwa Aprili, na majina ya wapigaji yatachapwa humo. Nina majuma saba ya kumfanya aandike langu.

Jumatano, 6 Machi

Ngoja niliandike hili mara moja, vizuri, maana naona nitalisema mara nyingi.

Kanda ilikuwa ghali. Nyimbo nilizibananisha bila nafasi katikati ili kanda moja ibebe kumi na mbili badala ya kumi. Sasa, drams zilikuwa pembe hii ya chumba na mashine ya kurekodia pembe ile, kwa sababu waya haukufika karibu zaidi. Mashine ikiachwa inaendelea kurekodi, inakula mwanzo wa wimbo unaofuata. Na mimi ndiye mpigaji, mimi ndiye fundi mitambo. Kwa hiyo gita na kinanda vikiwa vinamalizia mlio wa mwisho masikioni mwangu, nilitua fimbo mapigo mawili kabla ya mwisho, nikainuka, hatua tatu, nikabonyeza kitufe.

Huo ndio ukimya wa mtu aliyetafakari maisha. Alikuwa anakwenda kuzima mashine.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ilikatika kidogo saa nne asubuhi. Nikakaa kwenye drams, nikavaa vifaa vya masikio, na cherehani ya dada ikaanza upande wa pili wa ukuta. Nikagonga ukuta. Ikanyamaza. Nikaanza kupiga, mvua ikarudi.

Dada yangu mkubwa ni mshonaji. Miaka yote hii tumegawana nyumba na ukuta mmoja, na sina hakika kama amewahi kusikiliza wimbo wangu hata mmoja hadi mwisho. Chakula cha mchana nikamweleza habari ya Miwani.

"Kwani amekupunja?"

"Hajanipunja. Anampa mtu mwingine mikono yangu."

"Chukua ulichopewa, mdogo wangu. Mikono unayo bado."

Ndivyo alivyo. Ukimwambia nyumba inaungua atauliza kama tumepata moto wa kuota.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Ukungu umeingia ndani ya kodiani.

Ijumaa, 22 Machi

Miwani amepiga simu, sauti imempaa kama ya mtoto. "Mama! Amepatikana!"

"Nani?"

"Babu Taratibu! Yupo hai! Mbona hukuniambia?"

Kuna mzee amejitokeza. Amekwenda ofisini kwake, wakamwekea drams, akapiga albamu ya kwanza yote kwa kichwa. Na mwisho wa kila wimbo akatua fimbo mapigo mawili kabla.

Nimewahi kuibiwa gita. Nimewahi kuibiwa wimbo. Kuibiwa mtu ambaye hayupo, hilo sikujua kama linawezekana.

Jumamosi, 23 Machi

Sikufanya kazi.

Alhamisi, 28 Machi

Gazeti. Nusu ukurasa na picha. Mzee mwembamba, kofia ya kitambaa, fimbo mbili amezishika kifuani kama mawaridi. Mwandishi amemuuliza kuhusu ule ukimya. Amejibu kwamba yale mapigo mawili humwachia marehemu mkewe, "apite."

Mimi nimetajwa katika aya ya sita, "mwimbaji wa kundi."

Wanasema chanda chema huvikwa pete. Changu kimepigwa picha, kikapewa jina la jirani, na pete anayo yeye.

Dada amelisoma gazeti lote, akalikunja, akasema, "Masikini, kafiwa." Nikatoka nje kwenye mvua nisije nikasema neno.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Miwani, nimemchukua dada kama shahidi. Niliona nina silaha isiyoshindwa, ndiyo maana nikavaa viatu vizuri.

Silaha yenyewe ni hii. Miaka ile nilivaa ndara ndani ya nyumba. Ya kulia ilikatika ukanda, nikaifunga kwa waya, na waya ukawa unakwaruza saruji. Katika zile kanda za mwanzo, chini ya mlio wa mwisho wa gita, ukitega sikio utasikia mtu akitembea: pa, chwa, pa. Kisha kitufe. Kila wimbo, nyimbo sitini. Kwenye kanda zilizouzwa madukani mivumo iliifunika sauti hiyo, lakini kwenye kanda mama, zile za asili nilizompa Miwani, imo wazi kama mchana.

Miwani akatuketisha, akatuletea soda. Nikasema: weka wimbo wowote, tusikilize mwisho. Akaweka. Spika zake ni kubwa kama makabati. Drams zikatua. Gita likafifia. Kimya. Kimya safi kabisa, kama maji ya chupa.

"Umezitoa," nikasema.

"Nini, Mama?"

"Nyayo."

Uso ukamnawiri. "Aa, ile kelele! Umeisikia hata wewe? Fundi wangu imemchukua wiki mbili kuiondoa. Albamu zote tano. Sasa ukimya wa Mzee unasikika wenyewe."

Nikamwomba aweke kanda mama. Akaiweka, bila hiana. Pa, chwa, pa. Miaka ile yote ikaingia chumbani kwa ndara. Nikamweleza waya, kitufe, kanda iliyobanana. Alisikiliza vizuri, hilo namkubalia. Kisha akasema, "Mama, hizo ni nyayo tu. Zinaweza kuwa za mtu yeyote. Za fundi mitambo."

"Fundi mitambo nilikuwa mimi!"

"Basi, si umeona? Wewe ulikwenda kuzima, yeye akabaki amekaa kwenye drams."

Nilijichimbia shimo kwa jembe langu mwenyewe.

Akamgeukia dada, kwa upole. "Mama mkubwa, wewe uliishi naye nyumba moja. Tuambie. Nani alikuwa anapiga drams?"

Dada akamtazama. Akatazama soda yake.

"Mimi nilikuwa nashona," akasema.

Basi.

Nilimwomba Miwani angalau azirudishe nyayo. Akatabasamu kwa huzuni. "Mama, hakuna anayenunua santuri ili asikilize ndara."

Jumatano, 3 Aprili

Sijasema na dada. Yeye anashona, mimi nasikia mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Bado.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kumwona mwizi.

Anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Nilijiandaa kwa tapeli, mtu wa maneno ya mafuta. Akafungua mlango, akaniona, akashika kizingiti.

"Nilijua utakuja," akasema. "Karibu, Mama. Kiti ni kimoja, kaa wewe."

Yeye akakaa juu ya debe. Nikamwambia anayo dakika moja ya kunieleza kabla sijapiga kelele.

"Nimepiga harusini miaka thelathini," akasema. "Bibi harusi wanamjua, mpishi wanamjua, hata mpiga picha wanamjua. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Jioni narudi hapa, naweka kanda zako, napiga nazo juu ya hili debe. Siku moja kijana wa karakana akanisikia, akasema, Mzee, wewe ndiye Babu Taratibu? Mama, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kama mimi ni mtu fulani."

"Ukasema ndiyo."

"Sikusema hapana."

"Na huyo mke?"

"Mke alikuwepo kweli. Amekufa kweli. Hapo sikudanganya."

Akachukua fimbo, akapiga juu ya debe lile wimbo wa tatu wa albamu ya pili, na mahali fulani katikati akasimama. "Hapa mkono wa kushoto unachelewa kidogo. Miaka mingi najiuliza, huyu jamaa ana jeraha?"

"Nilikuwa nimeungua na pasi ya dada yangu."

Akanitazama. Nadhani ni hapo alipoamini kabisa, maana kabla ya hapo alikuwa anajua tu. Nikamwambia na habari ya mashine. Akacheka akakohoa, akacheka tena, kisha akaacha ghafla.

"Kuzima mashine?"

"Kuzima mashine."

"Mama," akasema polepole, "usimwambie mtu."

"Nimemwambia kila mtu! Hakuna anayeutaka ukweli huu."

Nikamwomba jambo moja. Uzinduzi ni tarehe ishirini na tano Mei, ukumbini. Asimame aseme ukweli kwa maneno yake mwenyewe, na mimi sitamwaibisha, nitasema ni mwanafunzi wangu. Akageuza fimbo vidoleni.

"Nitaangalia, Mama."

Njiani kurudi nilijaribu kumchukia inavyostahili. Ugumu ni kwamba, katika watu wote walionunua albamu ishirini na mbili, huyu peke yake ndiye aliyesikia mkono wangu wa kushoto. Msikilizaji mmoja nimempata, naye ni mwizi.

Ijumaa, 26 Aprili

Jalada limekwenda kiwandani. Drams: Babu Taratibu. Miwani amenitumia picha yake. Ameweka na nukta mbili baada ya jina, "kuashiria ukimya."

Jumatatu, 6 Mei

Mazoezi. Mimi nimepewa gita na kuimba. Besi na kinanda wamepewa vijana wawili, wazuri, wananiita bibi. Mzee yuko kwenye drams. Hatutazamani.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imeanza kuchoka. Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye sanduku la nyaya. Ndara zipo.

Jumamosi, 25 Mei

Saa kumi alasiri ukumbi ulikuwa umejaa mpaka milangoni. Mshereheshaji akatuita mmoja mmoja. Alipotaja Babu Taratibu watu wote wakasimama, wengine wanafuta macho. Akaongeza: "Na mama yetu, mwimbaji wake!" Nikaingia. Gauni refu, na chini yake ndara.

Tukapiga nyimbo tisa. Kusema kweli alipiga vizuri. Alipiga nilivyopiga nikiwa na umri wa miaka thelathini, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi: nilikuwa nimesimama mbele ya mikono yangu ya ujana na watu wanaishangilia kwa jina la mtu mwingine. Kila mwisho wa wimbo akatua, na ukumbi ukanyamaza naye. Walikuwa wamesoma gazeti. Walikuwa wanampisha marehemu.

Kabla ya wimbo wa mwisho alipewa kipaza sauti aseme neno. Akakishika. Akanitazama, na mimi nikamtazama, na nikaona anataka. Midomo ilifunguka.

"Nawashukuru," akasema. Akakirudisha.

Basi nikajua kazi ni yangu.

Wimbo wa mwisho ni wa kwanza nilioutunga. Ulipofika ukingoni akatua fimbo. Watu wakainama. Nikaliacha gita likilia lenyewe shingoni, nikakatiza jukwaa mbele ya drams, ambako vipaza sauti vilikuwa vimetegwa karibu na sakafu. Pa, chwa, pa. Ukumbi mzima ukasikia waya ukikwaruza mbao. Nikanyoosha kidole, nikabonyeza hewa.

Mtu mmoja akasema, "Bibi kapotea njia." Kicheko kikapita safu za mbele. Kijana wa kinanda akaanza kuja kunishika mkono. Ndipo sauti ikatoka safu ya nne, kavu, ya mtu anayeita watoto waje kula:

"Hajapotea! Anakwenda kuzima mashine!"

Dada yangu. Amesimama, mkoba kifuani.

Walicheka zaidi. Vikongwe wawili, mmoja juu, mmoja chini. Nikamgeukia Mzee. Alikuwa amesikia, macho yamemlowa. Angeweza kusema sasa, kwa neno moja tu. Akavua kofia, akainamisha kichwa, na ukumbi ukaelewa kile kile ulichokuja kuelewa. Makofi yakaporomoka kama mvua kwenye bati.

Jumapili, 26 Mei

Dada alikuwa anakoroga chai.

"Kule ofisini kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Kusema nini?"

"Kwamba ni mimi!"

Akaweka kijiko. "Yule aliniuliza mimi kana kwamba wewe hukuwemo chumbani. Ulikuwa umeshasema. Nikijibu, nimekubali kwamba neno lako halitoshi. Sikutaka."

"Na jana?"

"Jana sikuulizwa. Nilisema nilichosikia."

Tukanywa. Kisha akasema, bila kunitazama: "Ulikuwa unanigongea ukuta nizime cherehani. Nikazima. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nakaa na nguo mapajani, nangoja hizo ndara. Nikizisikia najua umemaliza, naendelea kushona. Nyimbo zako zote nazijua mwisho wake. Mwanzo sizijui, mwanzo nilikuwa nashona."

Na mimi ndiye niliyeandika, katika daftari hili hili, kwamba hajawahi kusikiliza hadi mwisho.

Jumatano, 29 Mei

Santuri zimeisha zote kiwandani, wanachapa tena. Mzee amealikwa redioni.

Alhamisi, 6 Juni

Kumekucha kukavu. Nikamwita dada chumbani, nikamweka kwenye kiti mbele ya mashine.

"Nikiinua kidevu, bonyeza hapa. Si kabla, si baada."

"Mimi natia uzi kwenye sindano bila miwani, wewe unanifundisha kubonyeza?"

Tukarekodi nyimbo zote kumi na moja. Ule wa kwanza, nilipofika mahali pa kutua, mikono ilitua yenyewe kwa mazoea ya maisha na magoti yakataka kuinuka. Tukarudia. Mara ya pili nikakaa. Nikapiga pigo la kwanza, nikapiga la pili, nikainua kidevu. Umri huu wote sikuwahi kujua nyimbo zangu zinaishaje.

Jumatatu, 17 Juni

Miwani amejibu. "Mama, albamu nzuri sana. Ila huyu mpiga drams mpya hana ule ukimya. Anajaza kila kitu mpaka mwisho, wasikilizaji watasema si kundi lenyewe. Unaonaje tukimwomba Babu Taratibu azirudie drams?"

Nilimjibu kwamba huyu mpya ndiye wa zamani, na kwamba hatumwombi mtu. Hajaandika tena, na sidhani kama ataandika. Nakala nitazibeba begani duka kwa duka, kama zile za kwanza. Njia naijua.

Mchana nikakata karatasi za jalada na kuandika kwa mkono, moja baada ya moja. Vyombo vyote: mimi. Nikaandika jina langu kamili, la kuzaliwa. Chini yake: Kuzima mashine: dada yangu. Nalo jina lake.

Akaja kusoma, uzi mdomoni.

"Mbona langu dogo kuliko lako?"

"Mimi nimepiga vyombo saba. Wewe umebonyeza kitufe kimoja."

"Lakini kwa wakati," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.